Sungura wa Porini Hachimbi

Farasi hawezi kutapika. Hilo nililijua alfajiri moja nikiwa nimesimama mpakani mwa shamba langu na beseni la pumba mkononi. Pumba zenyewe nilikuwa nimezichanganya na ule unga mweusi wanaouza vijana wa vipaza sauti, wale wanaopita mitaani wakitangaza dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Nilikuwa nimedhamiria kuua sungura. Ng'ambo ya ua alikuwapo mzee anayetunza farasi wa jirani, saisi, kama wenyewe wanavyomwita. Akanitazama, akalitazama beseni, akaniuliza hata kabla sijamwamkia:

"Mwalimu, hizo pumba za kuku?"

Nikamwambia ni za sungura. Nikamwambia na kilichomo. Yule mzee ana kawaida ya kucheka kabla ya kusema, lakini siku hiyo hakucheka. Aliweka ndoo yake chini, akasogea hadi kwenye michongoma, akasema, "Mama, farasi akimeza kitu kibaya hana njia ya kukirudisha. Kikishashuka, kimeshuka. Na pumba anazipenda kuliko wewe unavyopenda ndizi."

Sote ni Wachaga, mimi wa Marangu, yeye wa Machame, kwa hiyo hilo la ndizi alilitia makusudi ili nisiaibike sana. Niliaibika hata hivyo. Beseni lote, pumba na beseni lenyewe, nilikwenda kulitupa kwenye shimo la choo.

Siku chache baadaye alikuja daktari wa mifugo kumtazama farasi jike aliyekuwa akichechemea (nitamfikia huyo farasi, maana kuchechemea kwake kulikuwa kosa langu), nikamvizia getini nikamuuliza. Akanieleza kwamba unga ule ni zinki fosfidi. Ukikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Mbwa akiula, mara nyingine hutapika akapona. Panya hana uwezo wa kutapika, na ndiyo sababu mojawapo sumu ile inammudu vizuri. Sungura naye hatapiki. Farasi hatapiki. Yaani nilikuwa nimechagua silaha isiyoweza kabisa kumtofautisha mwizi wangu na mnyama wa jirani anayepitisha shingo juu ya ua kila anaposikia bati likigongwa.

Shamba lenyewe si la kutambia. Ni nusu eka, upande wa Usa River, kule ambako Meru ikiwa haina mawingu unaiona kama imeegemea paa la nyumba yako. Udongo ni ule mweusi wa volkano, laini, ukikauka unapeperuka kama majivu. Nafundisha shule ya msingi, kwa hiyo shamba ni la jioni na Jumamosi: mchicha, sukuma wiki, karoti, maharage, figili kidogo. Mboga zinakwenda gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Upande wa mashariki napakana na malisho ya farasi, saba walikuwa wakati ule, wanaopandisha wageni kuzunguka mashamba na vijito vya huku. Katikati yetu kulikuwa na ua wa michongoma uliopandwa kabla sijanunua, mnene juu, lakini chini kabisa una uwazi ambao sikuwahi kuinama kuutazama.

Wizi ulianza na maharage. Mvua za masika zilikuwa zimekolea, mbegu zimetoa yale majani mawili ya kwanza, asubuhi nakuta mstari mzima umebaki vijiti. Nikadhani ni sota, yule kiwavi mkata miche. Lakini sota hukata mche usawa wa udongo akauacha umelala palepale, na ukifukua pembeni utamkuta amejikunja. Nikadhani mbuzi. Mbuzi huvuta, anararua, anaacha nyuzi na mizizi iliyong'oka. Hapa vijiti vilikuwa vimekatwa mshazari, safi, kama mtu amepita na kisu kikali. Na juu ya udongo kulikuwa na vipunje vya kinyesi, mviringo, vikavu, kama njegere zilizosinyaa.

Kila niliyemwonyesha alisema neno lilelile: sungura. Na kila mmoja alimaanisha yule wa porini, mwenye masikio marefu yenye ncha nyeusi, anayeruka mbele ya taa za pikipiki usiku ukitoka Maji ya Chai. Nikakubali. Nikaungana nao kumlaumu. Nikawa naulizia mitego.

Sasa niseme lile ambalo wakati huo sikulisema kwa mtu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo kulikuwa na ule upepo wa ufugaji wa sungura. Unaukumbuka pengine. Watu walikuja na semina, na mabanda ya kuuza, na ahadi kwamba nyama itanunuliwa, ngozi itanunuliwa, hata mkojo utanunuliwa kwa lita. Nilinunua majike manne na dume mmoja, wale wakubwa, weupe wenye mabaka meusi. Walizaa kama ilivyosemwa. Hapo hakukuwa na uongo. Mimba ya sungura ni siku 31 au karibu na hapo, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Jike wangu mmoja alizaa watoto tisa kwa mpigo. Mnunuzi ndiye aliyepotea. Simu ikawa haipokelewi, baadaye haipatikani. Mimi nikabaki na midomo arobaini na tatu ya kulisha kwa mshahara wa mwalimu.

Wengi niliwauza kwa bei ya kutupa, wengine tuliwala. Wa mwisho walipobaki saba, mabanda ya mbao yameoza kwa mkojo, nikawahamishia kwenye kibanda cha zamani cha kuku chenye sakafu ya udongo. Ndani ya wiki mbili walichimba wakatoka. Kwa kweli sikuwatafuta. Nilijiambia mbwa watawamaliza, au kipanga. Walioniuliza mradi umeishia wapi niliwajibu, "Niliuza wote." Lile beseni la pumba, ukitaka ukweli, lilikuwa la kufuta ushahidi kuliko kuokoa maharage.

Siku tatu baada ya kukatazwa sumu, farasi jike mwekundu, mpole kuliko wote, alitumbukiza mguu wa mbele kwenye shimo akiwa anatembea tu, wala hakuwa mbioni. Nilikuwa shuleni. Niliporudi nilimkuta mzee amepiga magoti katikati ya malisho, mkono umeingia ardhini hadi kwenye kiwiko. Akaniita.

"Mwalimu, njoo uone sungura wako wa porini."

Ndani ya shimo kulikuwa na kitanda cha nyasi kavu kilichochanganywa na manyoya laini, na vitoto vitano, uchi kabisa, macho yamefumba, ngozi ya waridi. Viwili vilikuwa vimekufa kwa uzito wa kwato. Vilivyobaki vilikuwa na mabaka meusi mgongoni, yanaonekana kwenye ngozi hata kabla ya manyoya kuota.

"Sungura wa porini hachimbi," alisema mzee. Akanieleza taratibu, mimi mwalimu, kama mtoto wa darasa la pili. Yule wa porini hulala juu ya ardhi, kwenye kijilalo kifupi kama sahani alichokikandamiza kwa tumbo lake katikati ya nyasi. Huzaa mmoja, wawili, mara chache zaidi, nao hutoka na manyoya yao na macho wazi, tayari kujificha. Anayechimba, anayezaa watoto uchi shimoni, ni huyu wa kufugwa, ambaye asili yake ni Ulaya. Kiswahili kimewapa jina moja wote wawili, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya jina hilo karibu mwaka mzima.

Na kuna jambo kuhusu lile shimo ambalo ningependa kila mwenye ng'ombe au farasi jirani na sungura alijue. Halikuwa na mlango. Jike akishazaa hutoka, akaziba mlango kwa udongo na majani, akaenda zake, na hurudi mara moja kwa siku kufungua na kunyonyesha kwa dakika chache, kisha anaziba tena. Juu unaona ardhi tu. Lile pango kubwa lenye milango mingi, unalolikuta chini ya kichaka, linaonekana na linaepukika. Hili fupi la uzazi, lililochimbwa peke yake katikati ya malisho, ndilo linalovunja mguu.

Jike mwekundu hakuvunjika, namshukuru Mungu. Kano ilitenguka, akawekwa bandani wiki kadhaa, wageni wakapungukiwa farasi mmoja. Jioni ile nilikata jani la isale kwenye kona ya uwanja wangu, nikavuka nalo. Kwetu Uchagani, ukimkosea mtu ukamfuata na isale mkononi, hata awe amekasirika namna gani, inamwia vigumu kukufukuza. Mwenye farasi ni mama wa Kizungu aliyeishi huku miaka mingi, lakini isale alikuwa anaijua kama ua la bustani tu. Akalipokea, akauliza nimeleta mche wa kupanda? Mzee ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa. Nikasimulia yote: mradi, kibanda cha kuku, ule uongo. Alikaa kimya, kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule: "Waliotoka walikuwa wangapi, na lini?"

Saba. Miezi kumi na moja iliyopita.

Unaweza kufanya hesabu mwenyewe. Darasani huwa nawapa watoto hesabu za namna hiyo na wanacheka majibu yake. Nilikuwa nimewahi kusoma habari za Australia, jinsi mwaka 1859 Thomas Austin alivyoachia sungura 24 shambani kwake Victoria ili awe na kitu cha kuwinda. Miaka arobaini na kitu baadaye Australia Magharibi ilikuwa inajenga ua wa zaidi ya kilomita 1,800 kuwazuia, kazi iliyoanza 1901 ikaisha 1907, na sungura walishavuka kabla haujaisha. Mwaka 1950 ikabidi waachie virusi vya miksomatosi, ugonjwa unaoua sungura. Huku kwetu hatuna hofu ya namna hiyo, maana kila kitu kinachotambaa au kuruka humla sungura: kipanga, mbweha, kicheche, paka pori, chatu, na vijana wa bodaboda. Lakini wangu walikuwa wamepata kipande cha dunia kinachowafaa kabisa. Malisho ya farasi yameng'atwa mafupi kama zulia, na sungura hupenda nyasi fupi anakoweza kumwona adui. Michongoma ilizuia mbwa. Na kiangazi, kila kitu kilipokauka, mimi mwenyewe nilikuwa namwagilia mboga zao kwa mfereji.

Kila mtu alikuja na dawa yake. Jirani wa chini aliniletea kwa nia njema vile vidonge vya kufukizia mahindi ghalani, ati udumbukize shimoni uzibe. Vile navyo hutoa gesi ileile ya fosfini vikipata unyevu, na haina dawa ya kuipinga ukishaivuta. Mashimo yalikuwa hatua chache kutoka kwenye banda la farasi, na chumba cha mlinzi kiko ukutani mwa banda hilo. Nilivirudisha kwa mikono miwili. Natamani siku moja maduka yetu yaache kuviuza kama pipi, kwa kidonge kimoja kimoja bila karatasi wala maelezo.

Mtoto wa ndugu yangu yeye alitega tanzi za waya wa breki ya baiskeli kwenye uwazi wa michongoma. Hakuniuliza. Usiku wa pili tukasikia kishindo, tukakimbia na tochi. Kumbe farasi mmoja alikuwa amekuja kujikuna kwenye ua, tanzi likamshika kwato. Bahati waya ulikuwa na kutu, ukakatika. Fikiria waya mzima, mnyama wa kilo mia nne na zaidi anavuta kwa hofu gizani. Mzee, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, siku ile aliipaza. Zile tanzi nilizikusanya zote mwenyewe kwa mkono, nikipapasa michongoma. Alama za miiba ninazo hadi leo.

Kwa hiyo sumu hapana, gesi hapana, waya hapana. Ndivyo ilivyo unapopakana na farasi: karibu kila njia ya haraka inakwisha mguuni au tumboni mwa mnyama asiyehusika. Kilichobaki ni kazi ya polepole.

Tulianza kwa kuhesabu mashimo, na hapo mzee alikuwa na ujanja ambao sijauona kwa mwingine. Jioni ulijaza kila mdomo wa shimo kwa gazeti lililofinyangwa au majani ya mgomba makavu, bila kushindilia. Asubuhi ulipita kutazama. Lililosukumwa lina mwenyewe. Ambalo halijaguswa siku tatu mfululizo, unaliwekea alama. Mashimo kumi na tisa yalipungua yakawa sita yenye wenyeji, na nguvu zetu zote tukazipeleka kwenye hayo sita. Kabla ya hapo mimi nilikuwa nafukia kila ninaloliona kwa jembe, kesho yake nalikuta wazi. Kumfukia sungura hai ni ukatili na pia ni kazi bure. Kuchimba ndiko anakokujua kuliko wewe.

Kwenye hayo sita tuliweka visanduku vya mbao vyenye mlango wa kuanguka. Fundi wa vitanda wa jirani alitutengenezea vitatu. Kosa la kwanza lilikuwa kuvitega siku ileile. Hakuingia hata mmoja. Mzee akasema viacheni wazi, mlango umefungwa juu kwa kamba, karoti na majani ya mchicha ndani, wazoee kuingia na kutoka kama dukani. Siku ya tano tukafungua kamba. Usiku huo tulipata wawili. Wale wa zamani, waliozaliwa mabandani kwangu, waliingia kama wanarudi nyumbani. Jike mmoja wa mabaka nilimtambua kwa sikio lake lililopasuka. Waliozaliwa nje walitusumbua. Kwa miezi minne tulinasa ishirini na sita.

Tuliwala wengi. Wanangu walilia kwa wale wawili wa kwanza, kwa wa tatu waliuliza kama kuna pilipili. Jirani yangu Msabato alikataa hata mchuzi, akinikumbusha kwamba sungura kwato zake hazikugawanyika. Nikamwambia hana kwato kabisa. Akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Kuziba mashimo yaliyokwisha kuhamwa nako kulinifundisha. Mimi nilikuwa narudishia udongo na kukanyaga kwa kiatu, nikiona pako sawa. Udongo wa volkano hudanganya: juu unakaza, chini kuna uwazi, na farasi ndiye anayekuja kuugundua. Mzee alifukua kila shimo hadi mwisho wa njia yake, akajaza mawe chini, kisha moramu, akimwagia maji na kushindilia kwa kipande cha gogo kila baada ya tabaka. Halafu alisimama juu akaruka. Mtu wa miaka sitini na kitu, anaruka juu ya kila shimo mbele ya wageni wenye kamera. Alisema ni afadhali aanguke yeye.

Kisha wavu, ambao nao nilianza kwa kukosea. Nilinunua wavu wa kuku wenye matundu ya inchi mbili kwa sababu ulikuwa rahisi. Asubuhi moja nikashuhudia kitoto cha kama wiki nne kikipita katikati ya tundu bila hata kupunguza mwendo. Nikarudi mjini kununua wa inchi moja, na ule wa kwanza ukaenda kwenye banda la kuku. Ukitaka wavu wa sungura basi tundu lisizidi inchi moja na robo. Urefu juu ya ardhi futi tatu zinatosha. Siri iko chini: usiuzike wima. Ukunje kama mguu wa herufi L, kiasi cha shubiri nzima, uelekee upande anakotokea sungura, kisha ufunike kwa udongo na nyasi. Sungura huchimba palepale kwenye kitako cha ua. Akikuta waya chini ya miguu yake hasogei nyuma hatua moja kuanzia mbali. Anahangaika, anachoka, anaenda zake. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa jioni nzima nikimtazama mmoja akifanya hivyo, na sikumbuki nilifurahi namna ile tangu matokeo ya darasa la saba ya mwanangu.

Wavu wa kuku na farasi, hata hivyo, havipatani. Farasi hujikuna, huegemea, hukwaruza ardhi kwa kwato ya mbele akiona chakula ng'ambo, na kwato ikipenya kwenye waya mwembamba haitoki salama. Nilifikiria seng'enge juu. Mama mwenye farasi akakataa kabla sijamaliza sentensi, akasema amewahi kushona kifua cha farasi kwa sababu yake. Tukakubaliana hivi: wavu wangu uwe upande wangu, na yeye aweke nguzo na mirunda miwili ya kulala upande wake, hatua moja na nusu kabla ya kuufikia. Katikati kumebaki ujia mwembamba wa kupita na toroli. Mirunda alilipia yeye. Sikuomba. Nadhani lile jani lilifanya kazi yake pole pole.

Michongoma tuliipunguza chini hadi usawa wa goti. Mwanga ukaingia, mbwa wakaweza kuchungulia, na kwa mara ya kwanza nikaona mahali walipokuwa wakiishi: njia zao zilikuwa zimelainika kama za watu wa kijiji.

Kitu kimoja hakuna aliyekitarajia. Farasi hali nyasi zilizo karibu na kinyesi chake. Kwa hiyo kwenye malisho yoyote ya farasi utaona mabaka mawili: penye kunyolewa kabisa, na penye kuota marefu ambapo hujisaidia. Hayo marefu ndiyo yaliyokuwa maficho ya mchana. Mzee alikuwa anazoa samadi mara moja kwa wiki. Nikamwambia nitaichukua yote kama itazolewa kila siku. Mwanangu na yeye wakapokezana toroli. Nyasi zikaanza kuliwa sawasawa, maficho yakapungua, na mimi nikapata mbolea ya bure. Ila usiimwage mbichi. Tumbo la farasi halisagi mbegu kama la ng'ombe, nami msimu wa kwanza nilipalilia majani ambayo sijawahi kuyaona Arusha nzima. Sasa naiacha lunduni miezi mitatu minne, nikiigeuza, ipate joto, ndipo iende kwenye karoti.

Yule wa porini bado yupo. Hata sijui ni mmoja au ni kizazi cha tatu sasa. Mwezi wa saba na wa nane, jua likizama nyuma ya Meru, namwona akija kwa mruko ule wake wa kusitasita, masikio yamesimama. Wavu unamzuia kuingia, kwa hiyo anakula mstari mmoja wa maharage ninaoupanda nje ya ua, upande wa barabara. Vijana wameniambia wanaweza kunitegea. Nimewakataza, kwanza kwa sababu ya sheria ya wanyamapori ya 2009, maana huyu si mali yangu na kumwinda kunataka kibali. Sababu ya pili siwaambii. Nilimsingizia mwaka mzima.

Shimo la mwisho kati ya yale sita liko chini ya mwerezi uliokufa, kwenye mizizi, mahali ambapo moramu haishindiliki vizuri na farasi hawafiki. Tuliacha kulijaza. Kila Jumapili nikitoka kanisani napita kuweka gazeti jipya mdomoni, na kila Jumapili nalikuta kama nilivyoliacha, limenyauka kwa umande. Miezi kumi na minne ilipita hivyo.

Jumapili iliyopita gazeti lilikuwa limevutwa nje. Moyo ulinipasuka. Nilipiga magoti na nguo yangu ya kanisani nikatafuta vipunje vya njegere. Havikuwapo. Kulikuwa na kinyesi kirefu, kimejisokota, kina maganda ya mende ndani yake na kitu chekundu kama unyoya. Nikamwita mzee aje aone. Alichungulia shimoni, akachukua kijiti, akakigeuza kile kinyesi upande mmoja na mwingine. Safari hii alicheka kwanza.

"Nguchiro," akasema. "Mwalimu, kuku wako wanalala wapi?"